Cheni Kuukuu kwenye Mpando wa Golini

Kabla hujaniuliza gia ya mbele iwe ya meno mangapi, niambie kwanza unakaa wapi. Ndilo swali ninalomuuliza kila kijana anayekuja barazani kwangu na simu mkononi, anataka kunionyesha picha ya gia aliyoiona mtandaoni. "Mzee, cheki hii, ni kali!" Kali kwa nani? Ikiwa unakaa Diani, barabara imenyooka kama imepigwa pasi, weka hata meno arobaini na nane ujifurahishe. Ikiwa unakaa Golini au Mkongani, hayo arobaini na nane yatakutoa roho, na baiskeli utaisukuma kama mbuzi aliyegoma.

Kazi nimeiacha. Macho hayauoni tena uzi wa skrubu, na vidole asubuhi havikunjiki. Mdomo ndio haujastaafu. Na mimi ni mkali, wanaonijua wanajua, kwa hiyo mwenye haraka na aende zake. Wanaobaki wakae vizuri, maana nina jambo nililolificha miaka, na leo nataka nilitoe.

Tuanze na meno. Baiskeli zetu hizi za chuma huja na meno arobaini na manne mbele, kumi na manane nyuma. Ukizungusha pedali mara moja, gurudumu la nyuma linazunguka mara mbili na karibu nusu. Hapo ni mwendo mzuri kwenye tambarare. Ukitoa ile ya mbele ukatia ya meno ishirini na manane, pedali moja ni gurudumu mara moja na nusu. Unakwenda polepole, lakini unapanda. Hiyo ndiyo siri yote, na aliyewaambia kuna siri nyingine anataka kuwauzia kitu.

Mimi nilifundishwa Msambweni na fundi mmoja akiitwa Rama, mtu mfupi, mpole, ambaye hakuwahi kunipigia kelele hata siku moja. Laiti angenipigia. Mwaka wangu wa kwanza kwake alikuja mchuuzi wa samaki wa Bodo, akalalamika kwamba baiskeli ni nzito akiwa na kapu limejaa. Fundi Rama hakuwapo. Nikajitia ujuzi, nikamwekea gia ndogo kuliko zote tulizokuwa nazo. Siku ya pili mtu yule alirudi anafoka, harufu ya samaki imemtangulia. "Nimekanyaga mpaka magoti yamewaka moto, sifiki! Wewe umenipa baiskeli au cherehani?" Samaki wake wote walikuwa wamelegea.

Fundi Rama alicheka hata akakaa chini. Kisha akaniambia, "Meno hayapunguzi kazi, bwana. Yanaihamisha." Nikamuuliza inahamia wapi. Akasema, "Siku utakayojua, hutasahau." Nilidhani ananitania tu. Nilikuja kulijua jibu nikiwa nimezeeka, kwenye mpando wa Golini, siku ya Ijumaa, na kweli sijasahau.

Wakati huo nilikuwa nimeshahamia Kombani, pale njia ya kwenda Kwale inapochepuka kutoka barabara ya Likoni. Kibanda changu kilipakana na cha Bakari, fundi wa redio na simu. Ukuta baina yetu ulikuwa bati moja tu. Bakari miguu yake haikufanya kazi tangu utotoni. Alikuwa na ile baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono: unakaa kitini, pedali ziko mbele ya kifua, gia kubwa iko hapo hapo juu, na cheni inashuka hadi gurudumu la mbele. Na shikeni hili, kwa maana nimewaona mafundi wazima wakilikosea. Pedali za mikono hazipishani kama za miguu. Zinakwenda pamoja, mkono na mkono, ili mtu asukume kwa kifua chote. Kuna fundi mmoja alimfungia Bakari moja juu moja chini, na Bakari akaenda akiyumba kama mlevi mpaka kwenye duka la unga. Matusi aliyoyatoa siku ile siwezi kuyarudia.

Maana ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wangu. Ndiyo maana tulipendana.

Basi binti yake, Mwanasha, akapata mchumba. Ndoa ikapangwa ifungwe Ijumaa baada ya swala ya Alasiri, katika msikiti wa Golini, huko juu, ambako babake Bakari alikuwa akisali na ambako mabinti wote wa ukoo wao huozeshwa. Na kaka yake Bakari, Salim, akaja kibandani kwa nia njema kabisa, akasema, "Ndugu yangu, usiwe na wasiwasi wa usafiri. Tutakuja kukuchukua kwa gari, vijana watakubeba."

Mimi nilikuwa upande wa pili wa bati, natia tyubu kiraka. Nikamsikia Bakari akizima redio aliyokuwa anaitengeneza.

"Salim," akasema, "siku ya harusi yangu mlinibeba mgongoni kama gunia la mbata. Watu walicheka. Mke wangu alivisikia vile vicheko akiwa ndani, alikuja kuniambia mwenyewe. Binti yangu nitakwenda kumwozesha kwa mikono yangu hii. Sibebwi."

"Na ule mpando?"

"Mpando ni wangu na fundi."

Salim si mtu mbaya, nataka mjue. Alikuwa na hoja. Sheikh wa kufungisha alikuwa na ndoa nyingine Kwale mjini jioni ile ile, hangeweza kungoja. Wazee wakakaa, wakaafikiana: Bakari ndiye walii, ndiye atakayemshika bwana harusi mkono na kutamka. Lakini khutba ya ndoa ikimalizika kabla hajafika, Salim amepewa uwakala, aozeshe yeye, bibi harusi asiwekwe akingoja. Bakari akakubali mbele yao wote. Walipoondoka akagonga bati. "Umesikia? Na wewe ni shahidi wangu mmoja. Sasa nitafutie gia."

Alikuwa ameshaujaribu ule mpando mara tatu na meno yake arobaini na manne. Mara zote tatu alikwama mahali pamoja, pale kwenye kona kali iliyochimbwa ukingo mwekundu, akarudi chini ameshikilia breki. Mkono unazunguka nusu, unasimama.

Gia niliyokuwa nayo ilikuwa nzuri. Zamani nilifanya kazi Diani, kwenye banda la kukodisha baiskeli kwa wageni wa hoteli, zile za gia tatu mbele. Wageni hawaigusi ile ndogo, huku chini kote ni tambarare, kwa hiyo baiskeli ikifa, gia ndogo hubaki mpya. Nilikuwa na moja ya meno ishirini na manane kwenye kopo. Alhamisi nikaifunga. Nikahakikisha imekaa mstari mmoja na meno ya chini, maana ikienda upande, cheni hutafuna ubavu. Nikakata vipande vinane vya cheni, kwa kuwa gia ndogo haihitaji cheni ndefu, na cheni inayoning'inia hudondoka. Mpaka hapo, kazi safi.

Kisha nikafanya kile ninachofanya kila mara. Nikaishika cheni pale mbele kabisa ya gia, nikaivuta kwa vidole viwili. Cheni nzima hukaa kwenye jino, haitoki. Ile ya Bakari ilinyanyuka. Nikaona mwanga baina ya cheni na jino, mwanga wa wazi kabisa, ungeweza kupitisha njiti ya kiberiti.

Ilikuwa imekwisha. Na dukani nimeuliza asubuhi, za saizi ile hawakuwa nazo. Ingebidi niende Likoni, pengine nivuke mpaka mjini. Jua linazama, nimechoka, na nilishamwambia mtu kwamba jioni iko tayari. Nikajiambia: ni safari moja tu. Cheni hii imembeba miaka, itashindwaje siku moja?

Bakari akauliza kutoka upande wa pili, "Na cheni je?"

"Iko sawa," nikasema.

Wanangu, maneno hayo mawili nimeyasema mara elfu katika kazi hii, na mara nyingi yalikuwa kweli.

Ijumaa tulisali, tukala kidogo, tukaondoka mapema. Bakari na kanzu yake nyeupe ameikunja magotini isiguse grisi, kofia mpya, mafuta mazuri mpaka unayasikia ukiwa nyuma. Mimi nyuma na baiskeli yangu, mfuko wa spana begani. Tulipoanza kupanda nilimuona mabega yake yanavyofanya kazi, na wallahi nilijisifu. Alikuwa anapanda! Polepole, lakini mfululizo, bila kusimama. Akaanza kuwatukana mbuzi waliokuwa njiani, nikajua ana raha. "Tokeni, wenzenu wako kwenye sufuria huko juu!"

Ndipo nikasikia kak.

Sauti ndogo. Bakari akageuza shingo. "Jiwe?"

"Pengine," nikasema.

Hatua thelathini. Kak. Mikono yake ikateleza mbele ghafla kisha ikashika tena. Akaendelea kupanda. Mimi jasho lilinitoka, si la mpando. Nilijua pale pale. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia, simama, tuangalie, bado tuna wakati. Sikusema. Niliona aibu, na aibu ni kitu cha kijinga kabisa mtu akiwa amebeba spana.

Ilikuwa kwenye ile kona yake, pale pakali zaidi. Alikuwa ameinama mbele, amesukuma kwa kifua chote, na cheni ikapanda juu ya meno ikatoka. Pedali zikazunguka bure. Kiti chote kikaanza kurudi nyuma.

Na nyuma yetu lori la mchanga lilikuwa linapanda, linanguruma kwa gia nzito.

Bakari alishika breki kwa mikono miwili. Mpira ukalia. Mwendo ukapungua, lakini haukusimama, breki ile ni ya gurudumu moja tu na uzito wote ulikuwa umelala nyuma. Nilitupa baiskeli yangu majanini, nikakimbia, nikaweka mguu wangu nyuma ya gurudumu. Haukutosha. Nikauma meno, nikavuta jiwe kutoka ukingoni, nikalisukumiza chini ya tairi. Lori likatukwepa, limepiga honi mpaka masikio yakaziba, vumbi likatufunika. Likapita.

Kanzu ya Bakari ilikuwa nyekundu kwa vumbi. Alikuwa bado amebana breki, vidole vimekuwa vyeupe.

"Nini?" akasema.

"Cheni imechoka."

"Tangu lini?"

Ningeweza kusema uongo tena. Ulikuwa tayari mdomoni. "Niliiona jana," nikasema.

Nilingoja matusi. Haki ya Mungu niliyatamani. Alinitazama tu, na huko juu adhana ya Alasiri ikaanza, tukaisikia wazi kabisa kwenye kipaza sauti. Akangoja mpaka ilipokwisha.

"Alasiri tutaisali tukifika, wakati bado upo," akasema. "Sasa fanya."

Fanya na nini? Nikatazama huku na huku, jicho likaangukia baiskeli yangu majanini. Cheni yake ilikuwa na mwezi mmoja. Nikaivuta nje, nikachomoa kile kiungo cha klipu kinachofungia, nikailaza sambamba na ya Bakari. Nikahesabu vipande. Nikapotea. Nikahesabu tena. Kifaa cha kutolea pini nilikiacha kibandani, fundi mzima! Nikatumia msumari na jiwe juu ya jiwe, huku mguu nilioutia kwenye gurudumu unapiga kama moyo. Hapo ndipo nilipomkumbuka fundi Rama. Gia ndogo humpunguzia mtu mzigo mikononi, na mzigo ule wote huvutwa na cheni. Unapomfanyia mtu mpando kuwa mwepesi, cheni unaifanyia kuwa mzito. Kwa hiyo anayebadilisha gia na kuacha cheni kuukuu hajamsaidia mtu, amemtegea. Liandikeni mnapopenda.

Simu ya Bakari ikalia. Salim. Akaiweka sauti ya wazi.

"Tumeshatoa salamu, watu wamekaa. Uko wapi?"

"Kwenye kona."

"Nitume pikipiki?"

Bakari akanitazama mimi. Nilikuwa nimepiga magoti, naingiza cheni kwenye meno. Sikuthubutu kumwambia iko sawa. "Dakika tano," nikasema.

"Usitume," akamwambia nduguye.

Na hapo nikaiangusha ile klipu. Kibati kidogo, kama ukucha wa mtoto. Iliruka, ikapotea kwenye mchanga. Bila klipu hakuna cheni. Nikapapasa, nikapangusa, nikaanza kusoma kila dua niliyoijua. Huko juu sheikh akaanza khutba ya ndoa. Kila neno lilitufikia.

"Fundi," akasema Bakari, polepole sana. "Mguu wako wa kushoto. Usiusogeze. Mbele ya kidole gumba."

Macho ya fundi wa redio, hayo. Nikaiokota, nikaibana kwa koleo, upande wa mdomo ukiangalia nyuma ya mwendo kama inavyotakiwa. Nikaivuta cheni pale mbele ya gia. Haikunyanyuka. Nikamwonyesha, na mwenyewe akaivuta kwa vidole vyake.

"Nikusukume kidogo mpaka mpando ulainike," nikamwambia.

"Usiniguse." Akashika pedali. Kisha akaongeza, bila kugeuka, "Shahidi, usichelewe."

Akaenda. Mkono kwa mkono, kifua chote, na haikulia kak hata mara moja. Mimi nikabaki na baiskeli isiyo na cheni na mguu uliovimba, nikaanza kuisukuma. Akapotea mbele ya kona. Sasa sikumuona tena, nilisikia tu sheikh. Naijua khutba ile, nimehudhuria ndoa nyingi, najua inapokaribia mwisho. Nilijaribu kukimbia. Mguu ukakataa.

Khutba ikaisha.

Kisha mtu akakohoa kwenye kipaza sauti, na kikohozi kile kilikuwa cha Salim. Nilisimama katikati ya barabara. Kichwani mwangu nilimwona Salim akinyoosha mkono kumshika bwana harusi, nikavisikia na vicheko vya miaka ile vyote, na safari hii aliyevileta ni mimi.

"Jamani," Salim akasema kwenye kipaza sauti, "subirini kidogo. Mpisheni walii apite."

Pakawa na kishindo cha watu kusogea. Kisha nikasikia mtu anahema. Anahema hasa, pumzi zinaingia kwenye kipaza sauti kama upepo. Sheikh akamwambia apumzike kwanza. "Sina haja," ikasema ile sauti. Na Bakari akatamka, neno, pumzi, neno, pumzi: "Nakuoza... binti yangu... Mwanasha... kwa mahari mliyokubaliana."

Bwana harusi akajibu, "Nimekubali." Watu wakapaza sauti, wanawake wakapiga vigelegele nyumba ya pili. Mimi nilikaa ukingoni na mikono yangu myeusi, nikalia kama mtoto.

Nilipofika, mwingine ameshashuhudia badala yangu, na halwa inazungushwa. Bakari alikuwa amekaa mkekani kati ya wazee, kanzu nyekundu kwa vumbi, viganja vimechubuka. Nikamwamkia Salim, nikasimama mlangoni, sikujua nikae wapi. Bakari akanipigia ishara.

"Ulisikia?"

"Kila neno."

"Basi kaa ule." Akanisogezea sahani. Kisha akaninong'oneza, "Ile cheni yangu kuukuu uko nayo?"

Nilikuwa nayo mfukoni. Akanyoosha kiganja, akaipokea, akaitia ndani ya kanzu yake ya harusi pamoja na grisi yake yote.

Jumamosi aliitundika kwenye msumari juu ya meza yake, upande wake wa bati. Hakunitukana kwa jambo lile, wala hakumwambia mtu. Lakini tangu siku ile mpaka nilipofunga kibanda, kila nilipomwambia mteja "iko sawa", niliisikia ng'ambo ya pili ikitikiswa. Chaka, chaka. Wateja walidhani ni wazimu wa Bakari. Mimi nilikuwa nainama tena, naishika cheni pale mbele ya gia kwa vidole viwili, na kuivuta.